Mlango Wangu Hauko Tayari

Tarehe 2 Februari

Kwako Bisibisi, mdogo wangu wa pekee,

Pokea salamu za dada yako, na kama vidole vina grisi, vifute kwanza ndipo ufungue. Huku wote wazima. Baba masikio yanazidi kugoma. Juzi Mama alimwambia bomba la jikoni linavuja, akamjibu, "Asante, na wewe pia." Kile kifaa cha kusikilizia ulichomtumia amekifungia kabatini, eti anakitunza kisije kikaharibika. Kwa hiyo Mama siku hizi anaongea kwa sauti ya mnada, hata akiwa peke yake. Kazi yake kubwa ni kufuma vikofia vya mjukuu. Vingine vinanitosha mimi. Mwambie wifi yangu anyooshe miguu, asibebe ndoo, na asikusikilize ukijifanya daktari.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Ulisikia habari za yule fundi wa huku aliyetuma picha ya tairi la ndege lililokwisha kwenye kundi la wafanyakazi. Asubuhi katuma, mchana kaitwa ofisini, jioni kitambulisho kimekatwa kwa mkasi mbele yake. Simu zetu ni za kampuni, na kampuni inasoma. Karatasi haina mambo hayo. Nimempa rubani msaidizi, yule mrefu tunayemwita Twiga, anaificha ndani ya kofia. Kwa hiyo malalamiko yangu yanakujia ndani ya ndege ileile ninayoilalamikia.

Ni Bibi Harusi. Unajua kwa nini tunaiita hivyo: haijawahi kutoka kwa wakati, na kila ikitoka imepakwa rangi kuficha uchovu. Nyinyi mafundi mna neno lenu, kiporo. Kitu kikiharibika na kipuri hakuna, mnabandika stika ya njano, mnaandika tarehe ya mwisho ya kukitengeneza, na ndege inaendelea kuruka. Mimi sina ugomvi na viporo. Birika la kahawa lina stika, sawa, abiria watakunywa maji. Kiti cha katikati hakilali, sawa, watalala wima. Kitasa cha choo hakifungi, basi tumewafundisha watu kuimba wakiwa ndani.

Sasa stika imefika kwenye mlango wangu. Milango iko minne na wahudumu tuko wanne, kila mtu na wake, na wangu ni wa nyuma kushoto tangu nianze kazi. Ndani yake umekunjwa mtelezo, na pembeni kuna mtungi mdogo wa hewa. Siku ya balaa unafungua mlango, mtungi unaujaza mtelezo, watu wanateleza hadi chini. Mtungi una mshale. Ukiwa kwenye kijani, mzima. Wangu umelala kwenye nyekundu tangu kabla ya mwaka mpya. Bila mtelezo, kutoka pale mpaka chini ni kuruka kutoka juu ya paa, huku nyuma yako watu wanasukumana. Kanuni inasema mlango ukiwa hivyo, viti vya karibu vikae vitupu, na iwe kwa siku chache tu. Viti vyangu vya nyuma vinajaa kila safari.

Zamu yangu huishia kituo cha katikati, huko kwenu sifiki, lakini Bibi Harusi inaendelea na Twiga na inalala kwenye kituo chenu. Wewe ndiye unayeishika asubuhi kabla haijarudi. Nenda kautazame mlango wangu, halafu uniambie ukweli. Sitaki ukweli wa kazini. Nataka wa nyumbani.

Dada yako,
uliyenibatiza Kipaza

*

Tarehe 13 Februari

Dada Kipaza, shikamoo,

Barua imefika, inanukia mafuta ya nywele ya Twiga. Tumefurahi kusikia nyumbani ni wazima. Wifi yako naye mzima, ila miguu imevimba mpaka anavaa viatu vyangu, na mimi naenda na buti za kazi hata sokoni. Watu wananiuliza kama kuna ndege imeanguka sokoni. Mwambie Mama mtoto tunayemtarajia ana kichwa kimoja tu, apumzike kufuma.

Kuhusu mlango, nimeutazama. Usiwe na wasiwasi. Kiporo kipo ndani ya utaratibu. Mtungi mpya umeagizwa na uko njiani. Mambo haya yana wataalamu wake, Dada, na yana kanuni nyingi ambazo mtu hawezi kuziona akiwa kule kwenye kabati la vinywaji. Sisemi kwa ubaya. Nyinyi mkihudumia abiria, sisi tukahudumia ndege, kila kitu kitakwenda sawa.

Kuna jambo jingine dogo. Mtoto akizaliwa na Mama akitaka kuja kumwona, ni vizuri aje kwa basi. Mabasi siku hizi ni mazuri, yanasimama njiani, mtu ananyoosha viungo, anaiona nchi. Ndani ya ndege kuna kile kibaridi, na kifua chake unakijua. Halafu viti vya ndege vinabana. Halafu huu msimu una mawingu. Umkatie tu basi, usimweleze sana.

Msalimie Baba, kwa nguvu.

Mdogo wako,
Bisibisi

*

Tarehe 20 Februari

Wewe Bisibisi,

Baba mzima, Mama mzima, bomba bado linavuja. Nimemaliza salamu.

Mama kwa basi? Mama yetu, ambaye akienda dukani hapo kona anarudi anaomba mto wa mgongo? Siku mbili barabarani aione nchi? Nchi ameiona, kazeekea humo. Na kifua kimeanza lini? Mwanamke anayeongea na Baba kutwa nzima ana kifua cha kuazima watu.

Wewe ukidanganya, mdogo wangu, unarundika maneno. Ndivyo ulivyo tangu utoto. Ulipoifungua redio ya Baba ukashindwa kuirudisha, ulituletea hadithi ndefu ya paka, na paka mwenyewe hatukuwa naye. Sasa umeniletea kibaridi, viti, na mawingu. Nilipofika kwenye mawingu nikajua kuna kitu.

Safari iliyofuata, abiria waliposhuka, nilipiga magoti mbele ya mlango wangu nikaikwangua ile stika kwa ukucha. Chini yake ipo nyingine. Chini ya hiyo, nyingine tena. Zimebandikwa juu kwa juu, kila moja na tarehe yake ya mwisho, na za chini zote tarehe zimeshapita. Zote mwandiko mmoja. Saba yake ina mkanda tumboni. Saba hiyo alitufundisha Mama, mezani, kwa kipande cha mkaa. Katika kampuni hii nzima sijamwona mwingine anayeiandika hivyo ila mimi na wewe, na mimi sibandiki stika.

Nimekaa na hilo siku kadhaa kabla ya kushika kalamu. Nilitaka kuwa na hasira tu, nikakuta nina huzuni pia, na huzuni ndiyo iliyonichosha.

Kuhusu kabati la vinywaji. Soda ni adabu tu, kazi yenyewe ni nyingine. Kazi niliyofunzwa, na ninayotahiniwa kila mwaka, ni kuwatoa watu nje wakiwa hai, gizani, kwenye moshi, wakiwa wanapiga kelele na kukumbatia mabegi. Mlango ule ndio ofisi yangu. Usinielekeze tena nisimame wapi.

Habari za utaratibu sikuulizi tena. Nakuuliza swali moja, ujibu ukiwa umekaa: ndege isiyomfaa mama yetu, inamfaa mama wa nani?

Dada yako

*

Tarehe 14 Machi

Bisibisi,

Twiga amerudi tena mikono mitupu. Anasema akitokeza tu, wewe unazama chini ya bawa na tochi yako. Mtu mzima anajificha chini ya ndege!

Habari za mtoto nimezipata kwa Mama, aliyezipata kwa mama mkwe wako. Mtoto wa kike, na wote wawili salama. Nililia jikoni kwa furaha, nikamkumbatia Baba ambaye hakujua kuna nini, akasema, "Na mimi pia." Halafu nikakukasirikia upya, kwa kuninyima hata hilo. Mpe wifi yangu hongera zangu zote. Mwambie na mtoto kwamba ana shangazi, na shangazi mwenyewe ni mkali.

Mama anakuja. Nilimweleza kila kitu: mlango, mshale, stika, mpaka ile saba. Akafuma mishono kadhaa bila kuniangalia. Kisha akaniuliza, "Na wewe unapanda hiyo ndege kila siku?" Nikamwambia ndiyo. "Na wanaokaa karibu na huo mlango wanajua?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi nitafutie siku utakayokuwa kazini. Nitakaa hapohapo." Nilimkatalia. Unamjua Mama ukimkatalia.

Anasafiri tarehe 29, kwa tiketi ya wazazi wa wafanyakazi. Kiti walichompa ni cha mwisho kushoto, kile ambacho kwa kanuni hakitakiwi kukaliwa na mtu. Sikukiomba. Walimpa wenyewe.

Wewe unaujua utaratibu wetu. Kabla ndege haijasogea, kila mhudumu anamwambia rubani kwa simu ya ndani kwamba mlango wake uko tayari. Sauti nne. Zikipungua moja, rubani haondoki. Kama tarehe 29 mshale hautakuwa kwenye kijani, yangu hataisikia.

Dada yako

*

Tarehe 22 Machi

Dada, shikamoo,

Mtoto mzima. Analia kwa sauti yako, majirani wameshauliza. Mama yake bado hajapata nguvu lakini anakula. Samahani sikukuandikia. Kila nikishika kalamu, lile swali lako lilikuwa limeshakaa kwenye karatasi kabla yangu.

Stika ni zangu. Ya kwanza niliibandika kwa moyo safi. Mtungi ulikuwa umevuja, tukaagiza mwingine. Tarehe ikafika, mtungi haukuja. Msimamizi wetu wa karakana akaniambia niutoe mtungi, niurudishe uleule, niandike umetengenezwa. Kesho yake niandike umeharibika tena, tarehe zianze upya. Nikamwambia hiyo siyo haki. Akasema, "Fundi, kipuri kinakuja wiki ijayo. Unataka kusimamisha ndege nzima kwa ajili ya kopo?" Nikaona wiki moja siyo kitu. Wiki ikazaa wiki. Mara ya tatu, Dada, hakuniambia mtu. Nilinyoosha mkono nikachukua stika mwenyewe, kama ninavyochukua spana. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Lakini nakuomba usifanye unachotaka kufanya. Watakushusha, na mlangoni atawekwa mwingine palepale. Utakuwa umepoteza kazi bure. Mama apande basi, basi lenyewe siyo jela. Mimi nina mtoto mchanga, na nyumba tunayokaa ni ya kampuni. Mwenye nguvu mpishe, Dada. Wahenga hawakuwa wajinga.

Nisamehe kwa yale ya kabati la vinywaji.

Bisibisi

*

Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Mama mzima, Baba mzima, na mimi mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ulilokuwa unalitafuta. Twiga amekubali kuibeba hii ingawa wamemkataza kuongea na mimi. Anasema hajakatazwa kuvaa kofia.

Jana ndege ilijaa mpaka kiti cha mwisho. Mama alikuwa ameshakaa, mkanda umefungwa, kikapu cha vikofia mapajani. Mimi nilikwenda moja kwa moja kuutazama mshale. Nyekundu. Na juu yake stika mpya kabisa, tarehe 7 Aprili, saba yenye mkanda. Ulinibandikia hiyo wiki ileile uliyoniandikia kwamba inakuuma. Nilitaka kukaa chini kwenye zulia nilie, lakini abiria walikuwa wananiomba blanketi.

Kapteni akaita milango. Mbele kushoto, tayari. Mbele kulia, tayari. Nyuma kulia, tayari. Ikabaki yangu.

"Nyuma kushoto?"

"Nyuma kushoto hauko tayari, Kapteni."

"Una nini?"

"Mshale uko kwenye nyekundu, na viti vya karibu vina watu."

"Si kile kiporo? Kina stika."

"Kina stika nyingi. Njoo uzione."

Alikuja, nimpe haki yake. Akapiga magoti palepale nilipopiga mimi, nikamfunulia moja baada ya nyingine. Aliposimama uso ulikuwa umebadilika. Akaenda mbele, akawaambia ofisini waje. Akaja meneja wa safari, ametoa tabasamu lote ili abiria wasishtuke, ananinong'oneza kati ya meno.

"Dada yangu, tamka neno moja tuondoke. Mengine tutaongea kesho."

"Neno lenyewe litakuwa la kweli au la uongo?"

"Ni utaratibu tu."

"Basi kaa kwenye kiti changu ulitamke wewe."

"Nitakushusha."

"Nishushe."

Hapo Mama akafungua mkanda. Unajua sauti yake ya kuongea na Baba? Alitumia hiyo. "Kijana! Huyu anayeujua huu mlango anashuka. Mimi nisiyeujua nabaki hapa nifanye nini?" Ndege nzima ikageuka. Mzee mmoja wa mstari wa mbele yake akauliza mlango una nini. Nikamwambia, kwa lugha rahisi, na sikunong'ona. Meneja akanishika mkono, Mama akampiga mkononi kwa kidole kimoja, kama alivyokuwa akitupiga utotoni. Karibu nusu ya ndege walisimama na mabegi yao.

Lakini jambo moja ulisema kweli. Walimleta msichana wa zamu ya akiba. Bado ana alama ya mto shavuni. Akakaa kwenye kiti changu, akasema tayari. Simlaumu. Mimi nilikuwa kwenye ngazi nikamsikia. Uliniandikia mwenye nguvu mpishe, basi nimempisha, ngazi ilikuwa nyembamba, lakini neno langu nilishuka nalo.

Kapteni akawa amezipata sauti nne, ofisini wakamwamuru, ndege ikaondoka na waliobaki. Tulisimama uwanjani, mimi na Mama na kikapu, tukaitazama mpaka ikapotea. Sijawahi kuogopa vile. Nikiwa ndani huwa nina mlango wa kushika. Chini sikuwa na kitu. Niliposikia imetua kwenu salama ndipo tukabeba kikapu, tukarudi nyumbani.

Nimesimamishwa kazi mpaka kamati ikae. Sijutii, na usiniandikie nijute.

Sauti yangu nimeitoa na imetosha kwa safari moja tu. Tarehe 7 Aprili hiyo stika inakwisha, na anayebandika mpya ni mmoja. Sitakuambia ufanye nini. Una mtoto, nimekusikia. Nakukumbusha tu kwamba waliopanda jana walikuwa nao.

Dada yako

*

Tarehe 8 Aprili

Dada yangu, shikamoo sana,

Barua hii itachelewa, na ukiona imechelewa ufurahi. Inakuja kwa basi, ndani ya begi la kondakta. Twiga mwenyewe yuko huku, amekaa kwenye benchi la karakana, kofia mapajani, hana pa kuipeleka. Bibi Harusi imesimama.

Mtoto mzima, na mama yake ameanza kutembea mpaka uani. Barua yako ya mwisho niliisoma nikiwa nimembeba. Nilipofika pale kwenye "walikuwa nao" nilimrudisha kwa mama yake, nikatoka nje nikalia, na sioni aibu kukuandikia hivyo.

Jana asubuhi msimamizi alikuja na bunda la stika na kalamu yake. Akaninyooshea kama kawaida. Nikamwambia, "Leo sibandiki, Mkuu."

"Kwa nini?"

"Mama yangu alikuwa akae hapo."

"Si alishuka?"

"Mama wa watu wengine walipanda."

Akanitazama kama nimeongea Kichina. Akasema sawa, mafundi wako wengi. Akamfuata wa kwanza. Dada, ungekuwepo ungecheka. Karakana nzima ghafla mikono ina grisi! Huyu anasema kalamu itachafuka, yule anatafuta kitambaa ambacho kiko begani mwake. Hatukupanga, nakuapia. Nafikiri kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aanze, miezi yote hiyo. Kalamu ikazunguka ikamrudia mwenyewe. Nikamwambia, "Mkuu, na wewe una leseni. Bandika." Akauangalia ule mshale. Kisha akaichomeka kalamu mfukoni, akaenda kupiga simu, na mpaka sasa hajarudi kwenye huo mlango.

Kapteni naye akasema haondoki. Ameniomba stika zote, tumezibandua kwa maji ya moto, amezitia kwenye bahasha kwenda kwa wakaguzi wa serikali. Majina yetu yamo, la kwanza ni langu. Nililiandika mwenyewe. Huenda leseni ikaenda. Sehemu ya lawama ni yangu na nitaibeba. Ile ya msimamizi na walio juu yake sibebi, hata wakinitishia nyumba. Wameshaitishia. Wifi yako alisema, "Waje wanitoe mimi na mtoto, na waje mchana, watu wakiwepo." Sikujua nimeoa mtu wa aina yenu.

Pale ilipokuwa stika nimeandika kwa chaki neno moja, HAIRUKI, na tarehe yake. Saba ina mkanda.

Mdogo wako,
Bisibisi

*

Tarehe 21 Aprili

Mdogo wangu Bisibisi,

Barua yako imefika imekunjamana, ina doa la chai ya kondakta na vumbi la njia nzima. Sijui kama kuna mtu amewahi kufurahia kucheleweshewa barua kama mimi. Nilimsomea Mama. Baba akataka kujua kuna nini, Mama akamsomea tena, na mtaa mzima ukasikia. Baba akainuka. Kisha akaenda kabatini, akatoa kile kifaa chake, akakichomeka sikioni, akasema, "Soma tena hapo kwenye grisi."

Kamati imekaa. Walikuwa watano upande wao wa meza, na mimi upande wangu, na glasi ya maji ambayo hawakunikaribisha. Walitaka niandike barua ya kuomba radhi. Nikawaambia kuandika barua naweza, nimepata mazoezi mwaka huu, lakini hiyo siandiki. Mmoja akaniuliza, "Ukirudishwa mlangoni kwako, utatamka?" Nikamwambia, "Mshale ukiwa kwenye kijani nitatamka mpaka baba yangu anisikie akiwa nyumbani. Ukiwa kwenye nyekundu, jibu mnalo." Hawajaamua. Wakinifukuza nitafukuzwa nikiwa nimesimama.

Lakini sikia hili. Yule msichana wa zamu ya akiba alikuja nyumbani. Alikaa ukingoni mwa kiti, akasema tangu siku ile anaota mlango. Nikamwonyesha kwenye mlango wa kabati mshale unasomwaje, nikampa chai, akaenda. Wiki hii, kwenye ndege nyingine kabisa, kapteni ameita milango na amesikia sauti tatu. Ya nne ilikuwa yake, na ilisema hauko tayari. Wenzake watatu nao wakayafuta yale "tayari" waliyokwisha kusema.

Na ule mtungi uliokuwa njiani miezi yote, nasikia umefika. Ndege iliposimama, njia ikapatikana. Hata hivyo wakaguzi bado hawajaiachia Bibi Harusi, wanaendelea kufunua stika.

Lile swali langu umelijibu. Nilikusamehe siku ileile barua yako ilipofika, ila nilitaka uchelewe kidogo kujua.

Barua hii anakuletea Mama. Anakuja kwa basi, kwa hiari yake, anasema sasa ni uamuzi wake, siyo uongo wako. Ana mito miwili na kikapu cha vikofia. Kamsubiri kituoni. Akishuka ataanza na mgongo, atakwenda kwenye magoti, atapita kwa dereva na mashimo ya barabara, na atamalizia na jirani aliyekoroma begani mwake siku mbili. Usimkatize, mdogo wangu. Mwache alalamike mpaka achoke.

Dada yako,
Kipaza